Mtu wa Daraja Ukingoni mwa Yordani

Yordani ni mto mdogo. Wahubiri wetu hawakuwahi kutuambia. Tangu utotoni nimeuimba mto huo kanisani, nimeusikia kwenye matanga ambako kila marehemu husemwa amekwisha kuuvuka, na kichwani mwangu ulikuwa mpana, wenye kina na mawimbi. Nilipofika Qasr al-Yahud, mashariki ya Yeriko, mahali ambapo Wakristo wa tangu karne za kwanza wameamini kwamba Yohana alimbatiza Yesu, nilikuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita polepole katikati ya matete. Mwanariadha hodari wa kuruka angefika ng'ambo bila kulowa. Na hiyo ng'ambo, karibu kiasi cha watu kusalimiana bila kupaza sauti, ilikuwa nchi nyingine.

Wa kwanza kutoa maoni alikuwa kukhu mmoja, yaani nyanya, wa Matunda, mjane mwenye shamba la mahindi na msimamo kuhusu kila jambo. Alishika ukingo wa jukwaa la mbao, akatazama chini, akaguna. "Huu ndio wenyewe? Hata Nzoia ya kiangazi inaushinda."

"Kukhu, hayo ni maneno ya Naamani," nikamwambia. Jemadari yule wa Shamu, alipoagizwa na Elisha ajichovye Yordani mara saba ili ukoma umtoke, aliondoka kwa hasira akiuliza kama Abana na Farpari, mito ya kwao Dameski, haikuwa bora kuliko maji yote ya Israeli.

Kukhu akafikiri. "Naamani aliuliza vizuri. Alikosea kutaka kurudi nyumbani kabla ya kuingia."

Sisi wa Moi's Bridge tuna haki ya kupima mito ya watu, maana bila mto mji wetu usingekuwapo. Nzoia huteremka kutoka Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, hutupitia, hushuka kuelekea Webuye na Mumias, kisha huenda kuwasumbua watu wa Budalang'i kwa mafuriko kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mwanzoni mwa karne ya 20 mzungu mmoja mwindaji na mlowezi, Arthur Cecil Hoey, alitandaza daraja juu yake, na mahali pakaitwa Hoey's Bridge. Reli ya Kitale ikafuata mwaka 1926. Baada ya uhuru jina likageuka likawa la Daniel arap Moi, ingawa wapo wazee ambao hadi leo wakipanda matatu humwambia kondakta awashushe Hoey's.

Msafiri anayetoka Eldoret kwenda Kitale hupita mji wetu akiwa amesinzia, na hilo ni kosa lake. Hapa ndipo Uasin Gishu, Trans Nzoia na Lugari ya Kakamega zinapokaribiana, na sokoni utasikia Kibukusu, Kimaragoli, Kinandi, Kikikuyu na Kiturukana kabla hujamaliza kununua gorogoro moja ya maharagwe. Njoo kipindi cha mavuno. Mahindi yameanikwa juu ya maturubai kando ya barabara, dhahabu iliyomwagwa chini bila mlinzi. Matrekta yanavuta trela za magunia kuelekea maghala ya Bodi ya Nafaka, foleni haisogei, na madereva wamelala chini ya malori yao wakibishana juu ya bei ya gunia la kilo 90. Magharibi uko Elgon, mlima uliojaliwa urefu wa kulala kuliko wa kusimama. Asubuhi yenye anga safi ukiutazama kutoka upande wetu wa mto, huelewi kwa nini mtu alipe nauli ya ndege kwenda kutafuta mahali patakatifu.

Wapo wa kwetu waliolisema hilo mapema. Elijah Masinde wa Kimilili, mchezaji kandanda aliyelelewa katika Kanisa la Friends kisha akaliacha na kuanzisha Dini ya Msambwa miaka ya 1940, hakuona sababu ya Mbukusu kukopa milima ya wengine ilhali Elgon ipo. Serikali ya mkoloni ilimfunga na kumhamisha kwa miaka mingi. Sikubaliani naye katika mengi, lakini swali lake nilipanda nalo ndege Februari 2019, tukapita Addis Ababa, tukatua Tel Aviv. Tulikuwa basi zima la watu wa Magharibi na Bonde la Ufa: Waanglikana, Wakatoliki, Wapentekoste, na mimi. Mashamba yalikwisha kulimwa, mbegu za Kenya Seed zimo stoo zikingoja mvua, na mkulima hana nafasi nyingine ya kusafiri.

Tulianzia Galilaya. Ningekuwa na uwezo ningempeleka kila mkulima wa Trans Nzoia akaione Galilaya ya Februari. Mvua za baridi zimenyesha, vilima ni kijani hadi machweo, ngano imefika magotini, na maua mekundu ya mwituni yamechipuka hata kati ya mawe. Ziwa lenyewe, ambalo Injili huliita bahari, liko zaidi ya mita 200 chini ya usawa wa bahari halisi, na mtu akisimama mahali pa juu huliona lote, mwanzo hadi mwisho. Hapo nilielewa jinsi umati ulivyoweza kuzunguka kwa miguu ukafika ng'ambo kabla ya mashua. Ni nchi ndogo, ya kutembea. Hadithi nyingi ambazo tumezipa ukubwa wa dunia zilitokea katika eneo ambalo mtu wa bodaboda angelizunguka kwa siku moja na petroli ikabaki.

Kapernaumu ni nyeusi. Nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya volkano, nasi tunaoishi karibu na Elgon tunayajua mawe hayo, kwa kuwa mlima wetu nao ni volkano iliyozimika. Wafransisko walikinunua kiwanja hicho mwaka 1894, na wachimbuaji wakaendelea kufukua nyumba kwa nyumba. Juu ya ile inayoaminiwa kuwa ya Petro limesimama kanisa la kisasa lenye pembe nane, lililowekwa wakfu mwaka 1990, na katikati ya sakafu yake pana kioo cha kutazamia magofu yaliyo chini. Wenzangu walipanga mstari wachungulie. Mimi na kukhu tulibaki nje, chini ya miti, ambako mawe ya kusagia yamepangwa safu kwa safu: jiwe la chini lenye ncha juu, na la juu lililotobolewa kati, linalozungushwa juu ya mwenzake.

Kukhu alikagua kila moja. Alitia vidole ndani ya tundu, akapima uzito kwa kulisukuma kwa kiganja. "Walisaga nini?"

"Ngano. Na shayiri."

"Kwa hiyo Petro alikuwa mvuvi mwenye jirani wa kisiagi." Aliridhika sana. Nami niliridhika kuliko nilivyotarajia, maana kwa mara ya kwanza safarini mambo niliyoyasoma yaliingia mikononi. Wanafunzi wa Yesu walipita shambani siku ya Sabato wakakwanyua masuke, na Mafarisayo wakalalamikia siku, si masuke. Sheria ya Musa katika Kumbukumbu la Torati ilimruhusu mpita njia kula kwa mkono wake katika shamba la jirani, ilimradi asiingize mundu. Mtu wa Moi's Bridge hahitaji mwalimu wa chuo cha biblia amfafanulie. Mtoto akivunja mahindi mabichi mawili ya jirani achome, hakuna wa kumwita mwizi. Akija na gunia, tunaita chifu.

Hatua chache kutoka hapo lipo sinagogi la mawe meupe, la karne ya nne au ya tano, na chini yake msingi mweusi ambao wengi huamini ni wa jengo la kale zaidi. Luka anasimulia kwamba sinagogi la Kapernaumu lilijengwa na akida wa Kirumi, na wazee wa mji wakamwendea Yesu kumsihi amponye mtumishi wa mfadhili wao. Nilitabasamu. Tunawajua wafadhili hao. Hutua kwa helikopta Jumapili, bahasha ikasomwa kiasi chake kwenye kipaza sauti, na mhubiri akafupisha mahubiri. Tofauti ni kwamba akida yule, baada ya kujenga, alituma ujumbe kusema hastahili Yesu aingie chini ya dari yake. Sijasikia bado mheshimiwa wa kwetu akisema hastahili kuketi mbele.

Kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko ni kuteremka tu. Mji uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, Yeriko uko mita 250 hivi chini ya usawa huo, na ubatizo wenyewe hufanyika chini zaidi, karibu mita 400. Masikio yanaziba, vilima vinapoteza majani, joto linapanda. Nusu ya basi letu ilisema kwa sauti moja: Iten! Kweli, aliyewahi kushuka kutoka Iten kwenda bonde la Kerio anaijua njia hii kwa tumbo lake. Wanajiografia wa zamani walilichora Bonde la Ufa likianzia huko Shamu likaishie Msumbiji. Wanajiolojia wa leo wanayagawanya mabonde hayo kwa mistari tofauti ya miamba, na wana hoja. Mwili wa abiria, hata hivyo, uko upande wa wanajiografia wa zamani.

Halafu ukafika uzio. Qasr al-Yahud iko Ukingo wa Magharibi, mpakani kabisa. Baada ya vita vya 1967 bonde lilijazwa mabomu ya ardhini, watawa wakaondoka katika nyumba zao zilizokuwa kando ya mto, Waethiopia wakiwamo, na kwa miongo minne mahujaji hawakuwa na njia ya kawaida ya kufika. Palifunguliwa tena mwaka 2011. Shirika la HALO Trust lilianza kusafisha viwanja vya makanisa mwaka 2018, na tulipopita sisi kazi ilikuwa haijaisha. Basi lilipita kati ya seng'enge mbili zenye vibao vya onyo vya rangi ya manjano, nyuma yake makanisa matupu yenye kuta zilizotobolewa kwa risasi. Watu waliokuwa wakiimba tangu Yeriko walinyamaza. Kwenda kubatizwa huku umezungukwa na mabomu si jambo linalochapishwa kwenye kalenda za kanisa.

Udogo wa mto nao una sababu. Kitabu cha Yoshua kinasema Yordani hufurika kingo zake zote wakati wa mavuno, na ndiyo maana kuvuka kwa Waisraeli kukahesabiwa muujiza. Leo Yoshua angevuka bila kupandisha kanzu juu sana. Mwaka 1964 Israeli ilikamilisha mfereji mkuu unaochukua maji ya Ziwa la Galilaya hadi miji ya pwani na mashamba ya kusini. Nchi za Yordani na Syria nazo zinachota kutoka Yarmuk, mto mkubwa unaoingia mto Yordani kutoka mashariki. Kinachobaki ni chini ya sehemu moja ya kumi ya mto wa zamani. Bahari ya Chumvi, ambako mto huishia, inashuka zaidi ya mita moja kila mwaka. Maji ya Yoshua yako bombani, yako kwenye nyanya na ndizi. Sikuona ubaya wake wote, maana mimi ni mkulima, lakini niliwafikiria watu wa Budalang'i wanaoomba mto wao upunguzwe kidogo tu.

Sasa niseme jambo ambalo wenzangu walilijua tangu Nairobi. Mimi ni wa Kanisa la Friends, wale ambao dunia huwaita Quakers, na sisi hatubatizi kwa maji. George Fox na wenzake wa Uingereza ya karne ya 17 walifundisha kwamba ubatizo wa kweli ni wa Roho, wa ndani, wala hauhitaji beseni wala mto. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walifika Kaimosi na mafundisho hayo, yakaenea Lugulu, Lugari na kwingineko, hata leo Kenya ina Friends wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mtoto wa kwetu huombewa, hufundishwa, akikua huandikwa kuwa mshiriki. Halowi hata ukosi.

Kwa hiyo basi zima lilipovaa kanzu nyeupe, mimi nikawa mlinzi wa viatu. Viatu, simu, miwani, mikoba, na meno ya bandia ya mzee mmoja, yamefungwa kwenye leso. Mchungaji aliyekuwa akibatiza aliniita kutoka majini. "Mwalimu! Umetoka Kenya hadi hapa, na hutagusa maji?"

Nikamjibu kwamba George Fox hakunikataza kunawa uso. Nikashuka ngazi, nikanawa. Watu wakapiga makofi, nami nikarudi kwa viatu vyangu.

Lakini sikuwa nimetulia hivyo. Nilimtazama kukhu akishuka. Maji ya Februari ni baridi, akavuta pumzi kwa nguvu, akazamishwa, akaibuka akiwa amesahau kwamba kitambaa chake kimekwenda na maji, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyelipwa deni la miaka mingi. Nikaona wivu. Ubatizo wake una mahali, una tarehe, una mashahidi, una baridi. Wangu uko ndani, na taabu ya mambo ya ndani ni kwamba mtu anaweza kujidai anayo miaka 40 bila yeyote kumdai ayaonyeshe. Babu yangu aliyeandikwa kwenye kitabu cha ushiriki wakati wa mkoloni angesema kwamba hata maji hayathibitishi kitu. Ni kweli. Ila nilikuwa nimekaa ukingoni mwa Yordani na lundo la viatu vya watu, nikijiuliza wa kwangu unathibitishwa na nini.

Nikafungua Biblia, si kwenye Injili. Mimi ni mtu wa daraja, na kwa muda mrefu nimekuwa na mshangao wa kitoto: tangu Mwanzo hadi Ufunuo sijakuta daraja hata moja la kuvukia mto. Watu wa Biblia huvuka kwenye vivuko, mahali maji yanapopungua, na kwa hiyo kila mto una sehemu chache ambazo lazima mkutane, mpende msipende. Kwenye vivuko vya Yordani kuna visa viwili ambavyo makanisani kwetu husomwa kwa nadra, tukiwa tumeshughulika na Yohana.

Kimoja kiko katika Waamuzi 12. Watu wa Gileadi, wakiongozwa na Yeftha, wamewashinda ndugu zao Waefraimu, na wanaokimbia wanataka kurudi kwao. Wagileadi wanashika vivuko. Kila anayekuja anaulizwa kama ni Mwefraimu. Akikana, anaambiwa atamke shibolethi. Ulimi wa Efraimu hauwezi sauti ya mwanzo, anasema sibolethi, anachinjwa pale pale. Kitabu kinahesabu elfu 42.

Waliokuwa Uasin Gishu mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, hawahitaji ufafanuzi. Barabara zilizibwa kwa magogo na mawe, na kijana aliyekusimamisha alitaka kitambulisho, si kwa ajili ya picha bali kwa jina la mwisho. Usipokuwa nacho, alikusemesha lugha yake akasikilize utakavyojibu. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, nje ya Eldoret, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wanawake na watoto. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu nchini kote waliouawa 1,133. Waliobeba mapanga walikuwa wamebatizwa, wengi wao, kwa maji mengi au machache. Na wengine, sina budi kuliandika, walikuwa na majina kwenye vitabu vya ushiriki kama changu.

Kisa cha pili kiko katika Yoshua 22, ukingo huo huo. Makabila ya Reubeni, Gadi na nusu ya Manase yamepewa ardhi ng'ambo ya mashariki. Yakifika mtoni yanajenga madhabahu kubwa. Walio magharibi wanasikia, wanasema hawa wameasi, na taifa zima linakusanyika Shilo tayari kwa vita. Kabla ya vita wanatuma watu: Finehasi mwana wa kuhani, na wakuu kumi, mmoja kwa kila kabila. Wanavuka, wanauliza. Wanajibiwa kwamba madhabahu ile si ya sadaka. Imejengwa kwa hofu: kwamba siku moja watoto wa magharibi watawaambia watoto wa mashariki, ninyi hamna fungu katika Bwana, mto umetutenga. Ni shahidi tu, kwamba wao pia ni wenyeji wa nyumba. Finehasi anaridhika, wajumbe wanarudi, na hakuna aliyekufa.

Mto ni ule ule, na watu ni wa ukoo ule ule. Sijui mhubiri angewezaje kukiruka kisa hiki katika nchi kama yetu, ambayo kila miaka mitano watu wa ng'ambo moja huwaambia wa ng'ambo nyingine kwamba hawana fungu. Mwishoni mwa Januari 2008, moto ukiwa haujazimika, Friends walikutana Kakamega, wakaunda vikundi vya amani, wakapeleka chakula na mablanketi kambini. Baadaye wakaingia katika kazi ngumu zaidi, Turbo na kwingineko: kuwakalisha chini ya paa moja aliyechomewa nyumba na jirani anayeshukiwa kuichoma, wakasikilizana. Nilipowaza hayo pale ukingoni, wivu wangu ulipungua. Kanisa langu halina kisima cha kubatizia. Lina kivuko, na nusu ya waumini wake wamewahi kuogopa kukifikia.

Katikati ya mto pana kamba yenye maboya. Huo ndio mpaka. Upande wa pili, Al-Maghtas, ambao UNESCO iliuandika urithi wa dunia mwaka 2015, kulikuwa na kundi jingine la kanzu nyeupe na askari wao; upande wetu tulikuwa na wetu. Mtoto mmoja wa ng'ambo alitupungia mkono, na kukhu, akiwa bado anatiririka maji, alimpungia kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyeruhusiwa kuivuka kamba. Anayetaka kwenda ng'ambo huenda juu zaidi kwenye daraja, na hapo nilijihisi nyumbani, kwani nalo lina ugonjwa wa la kwetu. Jenerali Allenby, Mwingereza, alilijenga mwaka 1918, likaitwa kwa jina lake. Wayordani huliita la Mfalme Hussein. Wapalestina huita kivuko hicho Karama. Limelipuliwa mwaka 1946, likaharibiwa tena katika vita vya 1967, likasimamishwa tena. Kila mwenye nguvu hupita akaliachia jina. Wavukaji hubaki na foleni.

Jumapili niliwaacha wenzangu wakizunguka Yerusalemu, nikapanda basi la Ramallah, kupitia kizuizi cha Qalandia. Friends wamekuwa na shule ya wasichana mjini humo tangu 1869, na nyumba ya mikutano tangu 1910, jengo dogo la mawe lililozungukwa sasa na maduka na honi. Kwetu ibada ni kwaya, ngoma na mahubiri ya saa nzima. Kule tulikaa kimya, Wapalestina wachache na wageni wachache, na ukimya huo kwa mtu wa Lugari na Moi's Bridge ni kazi ya jasho. Mwishoni mwanamke mmoja aliniuliza tuko wangapi Kenya. Nilipomweleza kwamba mkutano wetu wa kijijini tu ungeijaza nyumba ile na ua wake, alicheka, akaniuliza kama hatuwezi kuwaazima baadhi.

Vita vilivyoanza Oktoba 2023 viliwazuia mahujaji wengi, na ninapoandika sijui mtoto yule wa ng'ambo yuko wapi. Safari yangu ilimalizika kabla ya hayo, na mvua zikanikuta shambani. Kanisani nilitakiwa kutoa ripoti. Walitarajia Golgotha, nikawasomea Yoshua 22 yote, aya kwa aya. Karani wa mkutano aliniuliza kama nimemaliza. Kisha akasimama mzee mmoja Mnandi, ambaye mke wake ni mshiriki wetu na ambaye huja zaidi kwa ajili ya chakula cha baadaye.

"Hao wakuu kumi walioenda na Finehasi," akauliza, "nauli yao ilitoka wapi?"

Watu wakacheka. Yeye alibaki amesimama, mikono juu ya bakora. Akasema semina zote za amani alizoziona huanza wiki mbili kabla ya uchaguzi, zikisubiri pesa za wafadhili, na wakati huo magogo yamekwisha kukatwa. Uchaguzi wa 2022 ulikuwa bado mbali. Akatoa noti ya shilingi 200 mfuko wa shati, akaiweka mezani kwa mweka hazina, na mweka hazina, ambaye si mtu wa kuacha noti ikipoa, akafungua ukurasa mpya akaandika: nauli ya wazee kumi, watano wa upande huu wa Nzoia na watano wa upande ule, na chai.